Ng'ombe Waliobaki Tambarare

Mjukuu wangu anafanya kazi benki Dar es Salaam, na kila akija kunitembelea hupenda kunieleza mambo ya kazi yake kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea. Krismasi iliyopita alikaa jikoni kwangu akimenya ndizi, anazimenya vibaya, anaacha nusu ya ndizi kwenye ganda, akaniambia kuwa siku hizi anawasaidia watu wa kahawa na korosho wasiumizwe na bei. Watu hao wanakubaliana leo bei ya mzigo utakaotolewa miezi ijayo. Bei ikianguka, mkulima hana habari. Ikipanda, ile ziada haipati, lakini angalau alilala usingizi. Kuna mikataba ya lazima, akasema, na kuna ile ambayo unatoa kiasi kidogo mwanzoni ili uwe na haki ya kununua baadaye au kuacha.

"Ni mambo mapya kidogo, bibi," akasema. "Usijali usipoyaelewa mara moja."

Nikamwambia aache ndizi zangu, anazimaliza. Kisha nikamwambia kwamba baba yangu aliyafanya hayo yote zama za Mwingereza, bila benki, bila umeme, na bila viatu, akauza kahawa ikiwa bado ua. Alicheka, akadhani natania. Sikuendelea. Alikuwa amekuja kula sikukuu, na hadithi hii si ya kusimulia watu wakiwa wanatafuna. Basi naiweka hapa.

Nyumbani kwetu ni Ugweno, juu ya milima ya Wapare, mahali ambapo boga likikuponyoka mkononi unakwenda kulidai kwa jirani wa chini. Kahawa yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Watoto tuliobaki hai tulikuwa wawili tu, dada yangu na mimi. Dada alinizidi miaka mingi, ndiye aliyenibeba mgongoni. Hadi leo nikioga namkumbuka alivyokuwa akinisugua visigino kwa jiwe pale mferejini, bila huruma hata kidogo, huku akiimba nyimbo za kanisani. Nilikuwa nalia na yeye anaongeza sauti ya kuimba. Hakuna mtu niliyempenda kuliko yeye, na nimezaa watoto na kuwazika wengine, lakini neno hilo silibadilishi.

Aliolewa Kighare, ng'ambo ya bonde. Mwanamume alikuwa mzuri wa sura, mwimbaji, watu walitusifu kwa kupata mkwe kama yule. Mahari ilitolewa ikakamilika: ng'ombe watatu na mtamba mmoja ambaye hajazaa bado, mbali na mbuzi na pombe. Ng'ombe hao hawakukaa. Wajomba walichukua haki yao, mmoja alikwenda kumaliza deni la mahari ya mama mwenyewe, mwingine alikufa. Ndivyo mahari ilivyokuwa kwetu, inaingia kwa mlango huu na kutokea kwa ule.

Siku moja ya masika dada alitokea uani akiwa ameshikilia taya lake kwa mkono. Mama alimtoa mkono taratibu, akatazama, akaingia ndani kuchemsha maji. Mimi nilisimama pale nikitazama uso ambao upande mmoja ulikuwa wa dada yangu na upande wa pili siujui. Haikuwa mara ya kwanza kupigwa, ila ilikuwa mara ya kwanza kushindwa kuficha.

Mchungaji alikuja akasema avumilie, ndoa ni safari. Nilimchukia mzee yule, Mungu anisamehe, na alikuwa ndiye aliyenibatiza. Baba alikwenda kwenye baraza. Wazee wa baraza walisikiliza pande zote mbili, wakatoa hukumu ambayo kila mtu pale aliiona ya haki: mwanamke hawezi kukaa kwa baba yake huku ng'ombe wa watu wameliwa. Arudi kwa mumewe. Siku baba yake atakapoleta ng'ombe watatu na mtamba mbele ya baraza, atatoka pale akiwa mtu wa kwao, na mume hatakuwa na neno. Baba aliomba muda hadi kahawa ivunwe. Wakampa, wakapanga siku ya baraza baada ya mavuno.

Kwa hiyo dada alirudi Kighare. Asubuhi ya kuondoka alinisugua visigino, ingawa vilikuwa safi, akaniambia, "Kila asubuhi nitachoma majani mabichi ya migomba uani kwangu. Ukiona moshi mweupe ng'ambo kule, ujue nipo. Mwambie mama."

Basi kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na kazi moja tu, kupata ng'ombe watatu na mtamba. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wake, mama alitoka nje kutazama moto wa mwenzake. Moshi ukipanda, anaingia ndani kuendelea na kazi. Ukichelewa, tunachelewa wote.

Kahawa ilichanua vizuri mwaka ule. Baba alitembea katikati ya miti jioni akihesabu kwa macho. Kwa bei iliyokuwepo, miti ile ingetoa ng'ombe wote na kubaki senti za kodi. Kwa bei iliyokuwepo. Hilo ndilo lililomnyima raha. Kahawa inachukua miezi kutoka ua hadi gunia, na katika miezi hiyo watu wa mbali, ambao hawajui hata Ugweno iko wapi, wanaweza kuamka wakasema leo hatunywi. Baba alikuwa amewahi kuona bei ikishuka nusu kati ya kuvuna na kuanika. Mwaka mwingine angelalamika na kuendelea. Mwaka huu mwanawe alikuwa ndani ya bei ile.

Ujanani baba alifanya kazi ya kubeba mataruma ya reli huko Same, na alikuwa amebaki na watu wawili wa kumtegemea. Mmoja alikuwa mwenye duka karibu na stesheni, mnunuzi wa kahawa na ngozi. Mwingine alikuwa Mpare mwenzetu mfugaji, aliyekaa nyika ya upande wa pili wa reli. Baba alishuka mlima, akapanda gari moshi, akaenda kwa yule mwenye duka na jambo ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulifanya. Nayajua maneno yao kwa sababu baba aliyarudia pale mekoni mara nyingi, mwanzoni kwa kujivuna, baadaye kwa namna nyingine.

"Nataka kukuuzia kahawa," baba alisema.

"Iko wapi?"

"Mtini. Bado ni ua."

Mwenye duka alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa mtu wa akili. Yeye naye alikuwa na hofu yake. Alikwisha kumwahidi tajiri mmoja wa Tanga magunia ya kahawa kwa bei waliyopatana, na kama bei ingepanda wakati wa mavuno angenunua kwa hasara ili atimize ahadi. Baba aliogopa bei kushuka, huyu aliogopa bei kupanda. Wakakaa juu ya magunia wakabadilishana hofu zao. Walipatana bei ya kila frasila, kipimo chetu cha uzito wakati ule, chini kidogo ya ile ya siku hiyo, na wakapatana idadi ya magunia, ambayo baba aliipunguza makusudi asije akaahidi kahawa ambayo mvua ya mawe ingeichukua. Mwenye duka alitoa arubuni, kiasi kidogo cha kufungia mapatano. Akiukataa mzigo, arubuni imepotea. Baba akiupeleka kwa mwingine, anairudisha mara mbili. Wakaitana mashahidi, wakapeana mikono.

Baba alirudi amenyooka mgongo. Majirani walipopata habari walimcheka njia nzima. "Huyu ameuza maua," walisema. "Mwakani atauza mvua." Mwezi uliofuata bei ikapanda, wakamcheka zaidi, na mjomba wangu mmoja alikuja mahsusi kumwonyesha kwa vidole vyake ni kiasi gani amekwisha kupoteza.

"Sijapoteza kitu," baba alimwambia. "Sitafuti utajiri, shemeji. Natafuta ng'ombe watatu na mtamba, na hao wamo ndani ya bei yangu. Zaidi ya hapo ni yako, chukua."

Nilimpenda baba yangu sana siku ile. Nampenda hata sasa, na ndiyo maana moyo unaniuma.

Bei ikaanguka. Haikuteleza, ilianguka. Wakati tunavuna, watu walikuwa wanateremka na magunia na kurudi na hela ambazo hazitoshi hata kodi. Wengine waliacha buni zikaozea mtini kuliko kuzichuma kwa bure. Waliomcheka baba wakaanza kumsalimia kwa adabu mpya iliyoniudhi kuliko kile kicheko. Sisi tulichuma hadi vidole vikawa vyeusi. Mama alikuwa akichuma huku anatazama ng'ambo. Tulikwisha kusikia kwamba dada ni mjamzito.

Baba na vijana wa ukoo waliteremsha magunia stesheni. Nilimwambia mama kwamba mwenye duka atakataa, kwa sababu kila mtu mzima niliyemsikia alisema hivyo. Hakukataa. Alipima, akalipa bei waliyopatana pale kahawa ilipokuwa ua, hadi senti ya mwisho. Na wala hakuumia, maana tajiri wa Tanga naye alilipa bei yake. Sijui aliumia nani mwishoni. Nadhani kuna mtu mahali fulani alilia, lakini hakuwa wa kwetu.

Siku hiyohiyo baba alivuka reli kwenda kwa rafiki yake mfugaji akanunua ng'ombe watatu na mtamba. Aliwachagua kwa mikono yake, akawashika kwato na kuwafungua midomo. Kwa hiyo mtu asije akafikiri kwamba baba yangu alikaa na hela akangoja. Ng'ombe alikwisha kuwanunua. Walikuwa wake, wana alama yake sikioni, wiki nyingi kabla ya siku ya baraza.

Ila aliwaacha kulekule.

Mtu asiye wa kwetu atauliza kwa nini, na mtu wa kwetu hataona cha kuuliza. Mlimani hakuna malisho. Ng'ombe wa mlimani wanakaa ndani ya nyumba, wanawake wanawakatia majani na kuwabebea kichwani. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki pamoja. Mmoja anakuwa kwa rafiki wa tambarare, mwingine kwa mkwe, mwingine kwa mtu wa ukoo mbali, na wanaowatunza wanafaidi maziwa na mbolea. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hujafilisika. Ndugu mwenye shida akija kutazama zizini kwako, anaona ng'ombe mmoja, anakwenda zake. Wazee wetu waliishi hivyo kabla ya Mwingereza na kabla ya Mjerumani. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yetu. Na mwaka ule, bei ya kahawa ilipoanguka na kila ndugu akawa na kodi ya kulipa, kupandisha ng'ombe wanne mchana kweupe kulikuwa sawa na kuita watu waje kugawana.

Mama hakukubali. Ndiyo mara pekee niliyowasikia wakipandishiana sauti.

"Walete sasa," alisema. "Nitawalaza kitandani kwangu mimi nilale nje."

"Majani utayatoa wapi?"

"Nitakata. Nitakata hadi mikono ikatike. Walete, baba watoto."

"Na kaka zako wakija na shida zao? Utawaambia nini? Kule wako salama. Nitawapandisha wiki ya baraza, siku moja, moja kwa moja hadi mbele ya wazee. Hakuna atakayewaona njiani."

Baba alikuwa na haki. Kila hatua aliyoichukua ilikuwa na haki, na mama alirudia tu, "Walete." Mwishowe akachukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe wasiokuwepo. Aliyarundika kando ya nyumba yakakauka.

Sotoka, ule ugonjwa unaofagia mazizi ya ng'ombe, ilianza upande wa tambarare, sijui ililetwa na nani. Tuliisikia kanisani kwanza. Halafu serikali ikaweka karantini: hakuna ng'ombe kupanda mlima, hakuna kushuka, hakuna kuvuka reli. Askari waliwekwa kwenye njia zote za kupandia. Baba alishuka kesho yake akarudi jioni. Alikuwa amefika hadi kwa askari wa chini kabisa, kijana mdogo mwenye kofia nyekundu, akamweleza yote, akamwambia ni mtoto wangu. Kijana yule alimwamkia, "Shikamoo mzee," akamwambia kwamba yeye naye ni mtoto wa mtu na akiruhusu kwato moja ipite atafungwa.

Sasa baba alianza kuzunguka. Aliingia nyumba baada ya nyumba Ugweno nzima akiomba kuazimwa ng'ombe, wa kurudisha na nyongeza, kwa masharti yoyote. Nilikwenda naye, maana mama alisema watu huona haya kumkatalia mtu mwenye mtoto mkononi. Walituketisha, wakatupa ndizi, wakatikisa vichwa. Na jibu lilikuwa moja mlango kwa mlango: wangu nao wako tambarare. Ndio, kila mtu alikuwa amewaficha ng'ombe wake palepale alipowaficha mwenzake, kwa akili ileile. Tulijikinga na kila janga isipokuwa lile la kutupata wote kwa siku moja. Juu ya mlima walibaki ng'ombe mmojammoja wa maziwa, wa watoto wachanga, na nani angetoa ng'ombe huyo wakati hajui kama wengine wake watapona? Hata wale waliotaka kuuza walitaja bei ambayo hela zote za kahawa, kama zingekuwepo, zisingetosha kununua miguu miwili.

Siku ya baraza baba alikwenda na mashahidi badala ya ng'ombe. Dada aliletwa na watu wa mumewe. Tumbo lilikuwa kubwa, na alikuwa amejifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi. Alitupa macho nyuma yetu, kule njiani, akatafuta ng'ombe. Nikayaona macho yake yakienda na kurudi mikono mitupu. Mwaka mzima tulikuwa tumemwahidi siku hiyo.

Baba alisema ng'ombe wapo, wana alama, mfugaji anajulikana, karantini ikiondolewa watapanda siku hiyohiyo. Aliomba wazee wawahesabu kuwa wametolewa. Mkwe wake mzee, baba wa yule mwanamume, alisimama. Hakuwa mtu mbaya yule mzee. Hilo nalo linaniudhi, kwamba sikupata mtu mbaya wa kumchukia zaidi ya yule mmoja.

"Mkwe wangu," alisema, "sisi hatukukuletea ng'ombe wa maneno. Tulikuletea wenye mikia. Hawa wako huenda wamekufa tangu juzi, wewe na mimi hatujui. Nikimwachia mke leo, kesho nikiambiwa sotoka imewamaliza, nitamdai nani? Wewe?"

Wazee wakasema ana neno. Shauri likasogezwa mbele hadi njia zifunguliwe. Dada alipita mbele yetu akirudi Kighare. Mama alimshika mkono, wakasimama hivyo. Kisha dada aliinama kwangu kwa shida, kwa ajili ya tumbo, akanitazama miguu.

"Visigino hivi nani anavisugua?" akasema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Nimeyafikiria maisha yangu yote na hayana kitu ndani yake, ni maneno tu ya visigino.

Moshi uliendelea kupanda wakati wote wa vuli. Halafu asubuhi moja haukupanda. Mama alikaa nje kwenye jiwe, hakuwasha moto, hakuna aliyekula. Mchana akaja mwanamke mmoja kutoka ng'ambo, na mama alipomwona tu akitokea kwenye migomba alianza kulia kabla hajasikia kitu. Dada alikuwa amekufa akijifungua. Mtoto naye. Wanawake waliomwosha walimwambia mama, baadaye, alama walizozikuta mgongoni na tumboni. Baba hakuambiwa, lakini nadhani alijua. Alikuwa anashinda katikati ya kahawa anaongea peke yake, na ukisogea karibu unamsikia akipanga upya kila kitu: nilipatana bei, bei ikatimia, nikanunua ng'ombe, ng'ombe wakawa wangu. Anafika hapo, anaanza upya tangu ua.

Karantini iliondolewa baada ya mavuno mengine. Na ng'ombe wetu walikuwa hai. Rafiki wa baba, siku ile tu aliposikia sotoka, aliwahamisha usiku kwenda mbali kuelekea milima ya kusini, akakaa nao huko hadi ugonjwa ukapita. Hakupoteza hata mmoja. Alikuja mwenyewe na baba kuwapandisha, mtu mwaminifu kabisa, amefurahi, hajui bado nini kimetupata kwa sababu baba alishindwa kumwambia njiani kote. Walikuwa wanene. Wawili walikuwa wamezaa. Yule mtamba alikuwa na mimba. Watu walitoka majumbani kutazama, na ni kweli walikuwa ng'ombe wazuri.

Nilifikiri wamekuja kukaa. Sikujua kwamba tangu msiba ule watu wa Kighare walikuwa wamekwisha kufika kwa baba mara mbili. Mke wao alikufa bila kuacha mtoto, na kwa desturi ya wakati ule mahari yao ilikuwa imelala bure. Ama mume arudishiwe ng'ombe wake, ama apewe mdogo wa marehemu ashike nafasi akishakua. Mdogo wa marehemu nilikuwa mimi. Nilikuwa bado sijaota hata ziwa.

Asubuhi iliyofuata baba alinipa kamba ya mtamba, yeye na rafiki yake wakachukua wale wakubwa, tukateremka bondeni tukapanda ng'ambo. Ndama aliwaacha kwa mama. Mbele ya wazee ng'ombe walihesabiwa, mkwe mzee akawapapasa mmoja mmoja, akasema, "Tumepokea. Hatuna neno tena na nyumba yako." Yule mwanamume alikuwapo. Alinitazama, akatazama mtamba, akachukua kamba mkononi mwangu. Nilikuwa nimeikaza hadi ilinikata kiganja.

Wakati wa kutoka nilipita uani kwa dada. Palikuwa na duara jeusi mahali alipokuwa akichomea majani, karibu na ukingo, na majivu yamegandamana kwa mvua. Nilisimama pale nikageuka kutazama kwetu, nione alichokuwa akikiona. Sikuona nyumba. Niliona mlima wote wa migomba, kijani mtupu, na mawingu juu yake. Kwetu kulikuwa chini ya majani, hakuonekani. Sisi tuliuona moshi wake kila siku, na yeye hakuwahi kutuona hata mara moja. Alikuwa anauwasha tu, na hakujua kama kuna mtu anatazama.

Nilipofika nyumbani nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachukua yale majani makavu ambayo mama aliyakata kwa ajili ya ng'ombe, nikaweka mabichi juu yake, nikayawasha. Moshi ulikuwa mkubwa. Mama alitoka mbio akiuliza nachoma nini. Nikamwambia namwonyesha dada tulipo. Alinitazama, nikadhani atanipiga. Akaenda akaleta majani mengine.

Mjukuu wangu, yule wa benki, ananiuliza siku hizi kwenye simu ile hadithi ya babu aliyeuza maua iliishaje, alipata au alipoteza. Namwambia alipata bei yake, na ng'ombe walitimia wote. Na kwa kuwa ng'ombe walitimia mimi sikupelekwa Kighare, nikakua, nikaolewa na mtu mpole, nikamzaa mama yake. Hilo simwambii. Namwambia tu akija aje na kisu chake mwenyewe cha kumenyea ndizi.